Mama Yake Asiambiwe

Mimi ni mtu wa maneno mengi, na yeyote anayenijua hapa Macquarie Fields atakwambia hivyo. Mume wangu husema nikikaa kimya dakika tano ujue nimelala au nimenuna. Sasa jambo hili ninaloliandika lilitokea kwa sababu nilifunga mdomo, tena nikiamini ninatenda wema.

Ilikuwa majira ya baridi, mwaka wa pili wa korona. Wilaya zetu za kusini-magharibi mwa Sydney zilibanwa kuliko kwingine kote. Wenzetu wa ufukweni walikuwa wanatembeza mbwa na kuota jua. Sisi huku helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa toka asubuhi, na spika yake inatuamrisha turudi ndani. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo nilikuwa na kibali cha kutoka. Nilichokonolewa pua kila baada ya siku chache mpaka nikaona hiyo pua si yangu tena. Barabarani hakuna mtu. Unapita nyumba kumi, mapazia yote yameshushwa, unajua watu wamo ndani lakini husikii hata mtoto akilia.

Mteja wangu wa mwisho kila siku alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, kule Ingleburn, aliyepita miaka themanini. Alikuwa mwalimu enzi zake. Hakuolewa, hakuzaa, dada yake alishafariki, kabakiwa na mpwa mmoja tu anayeishi Perth, magharibi kabisa ya nchi, na Perth nao walikuwa wamefunga mpaka wao. Mtu pekee aliyekuwa akiingia nyumba ile kwa miezi ni mimi, na aproni yangu ya plastiki. Alitaka nimwite kwa jina lake, ndivyo wanavyopenda wenyewe. Mdomo ulikataa. Mtu wa umri wa bibi yangu nimwite jina kama mwanafunzi mwenzangu? Nikamwita Mama, akacheka, akazoea.

Nyumba ilikuwa ya matofali, na korido ndefu yenye vyumba vitatu visivyolaliwa. Moyo wake ulikuwa dhaifu, daktari alishamweleza wazi. Macho nayo yalikufa katikati. Alichobakiza ni kuona kwa pembeni. Akitaka kukutazama anageuza uso kando, utadhani anamwangalia mtu aliyesimama karibu yako. Siku za mwanzo nilikuwa nageuka kuangalia ni nani.

Wiki ya pili alinitolea Biblia moja nzito ya ukoo wao, jalada limechakaa. Kurasa za mbele ziliandikwa majina ya watu wao wote, nani kamzaa nani, mwandiko huu na ule. Juu kabisa palikuwa na mvulana wa miaka tisa aliyeshushwa melini hapa Sydney, koloni la New South Wales, wakati ambapo Waingereza walikuwa bado wanaleta wafungwa. Huyo ndiye mzee wa ukoo. Jina la baba yake limeandikwa. Pembeni, mahali pa mama, pako patupu.

"Nimeitazama nafasi hii toka nina miaka sita," aliniambia. "Nilipomuuliza bibi yangu alinipiga kofi la mkononi. Nataka kuijaza kabla sijafa. Nikifa mimi, hakuna atakayeuliza tena."

Hakulia. Alisema tu, kama anavyoniagiza mkate. Mimi ndiye niliyeumia, maana kwetu mtu asiyejua mama wa ukoo wake ni yatima hata akiwa na miaka themanini.

Njia yake ya kumtafuta huyo mama ilikuwa wasia. Kwa miaka ishirini alikuwa akiagiza nakala za wasia za zamani kutoka Uingereza, za kila mtu aliyekuwa na jina la ukoo wao au aliyekaa nao jirani, akazihifadhi kwenye kompyuta. Alizisoma mwenyewe mpaka macho yakamkimbia. Zilikuwa bado nyingi. Kompyuta haikuweza kumsomea, kwa sababu ni mwandiko wa makarani wa zamani, mikia na vitanzi vitupu. Akanifundisha mimi, herufi moja moja, kwa kumbukumbu, mwalimu haachi ualimu. Kumsomea hakukuwa katika orodha ya kazi ofisini. Lakini nikishamwogesha, nikampa dawa na supu, ilibaki saa nzima, na saa nzima mimi kukaa kimya siwezi.

Basi tukawa tunasoma. Zote zilianza kwa jina la Mungu. "Kumbe hata nyie!" nikamwambia. Halafu ndiyo vinakuja vitu: blanketi, birika, kitanda na godoro lake, ng'ombe mwekundu. Mmoja kamwachia dada yake gauni jeusi, ikiwa ataacha kumtukana mumewe kanisani. Tulicheka mpaka akakohoa. Watu waliotawala nusu ya dunia, ukiwafungulia mioyo yao wakati wa kufa, wanagombea birika! Lakini kulikuwa na kitu kingine pia ambacho sikumwambia. Kusoma maneno ya wafu kwa sauti, kwenye nyumba iliyofungwa madirisha, mtu mmoja baada ya mwingine anakuja anataja anachokitaka kisha anaondoka, kulinipa baridi mgongoni. Nikawa nikimaliza kila mmoja natia dua kimoyomoyo, wasije wakazoea.

Kisha tukafika kwa mfanyabiashara mmoja wa Bristol. Jina lake ndilo lile lile la baba yule wa kwenye Biblia. Bibi alikaa wima kwenye kiti. Kurasa nne. Ya kwanza nyumba na mifugo, ya pili ndugu zake. Ya tatu, karibu na chini, macho yangu yalitangulia mdomo, kama inavyokuwa mtu akisoma, nikaona kinachokuja.

Ilisema hivi: yule mwanamke mweusi niliyekuja naye kutoka visiwa vya Karibiani atolewe nyumbani siku ya maziko yangu. Mtoto wake wa kiume, ambaye ni damu yangu, apelekwe New South Wales pamoja na fundi seremala, akafunzwe kazi. Mama yake asiambiwe alikopelekwa.

Jina la huyo mwanamke halikuwamo. Ng'ombe wa ukurasa wa kwanza alikuwa na jina.

Lazima niseme habari za bibi yangu hapa, mama yake mama, kule Tanga. Alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake, na mimi nilipokuwa binti alinichukua nikamshikia kata ya maji. Alichonifundisha kabla hata ya namna ya kumwaga maji ni kusitiri. Ukiona kovu, ukiona ugonjwa, ukiona alama ya aibu, hujaona. Humwambii mume wake, humwambii mama yako. Marehemu hana mkono wa kujifunika, wewe ndiye mkono wake. Niliwaona wanawake wakimfuata bibi kibarazani kumchimba, naye anawauliza habari za bei ya nazi. Mafunzo hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa.

Sasa mimi pale sebuleni Ingleburn nimekutana na aibu ya marehemu, wazi, haina shuka. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikavuta pumzi, nikaruka mistari ile yote, nikaendelea na "kanisa la mtaa wetu naliachia kengele ndogo".

Nisijisafishe sana. Haikuwa sitara peke yake. Niliogopea moyo wake. Tena niliogopa kwa ajili yangu: mimi Mwafrika, niliyeajiriwa kumwogesha, nimwambie Mzungu kwenye kiti chake kwamba mama wa ukoo wake alikuwa mweusi kama mimi? Angesema namzulia. Na zaidi ya yote nilikuwa na hasira, hasira ya kutaka kuibamiza kompyuta ile ukutani, na mtu mwenye hasira namna hiyo afadhali anyamaze.

"Basi?" akauliza nilipomaliza. "Hakumtaja mtoto?"

"Hakumtaja, Mama."

"Wala mwanamke?"

"Wala."

Akasema, "Haya," kwa sauti ndogo. Nikamfunika miguu, nikaenda zangu.

Kesho yake nilikuta milango ya vyumba vile vitatu iko wazi. Mimi nilikuwa naifunga kila siku kabla ya kuondoka, ili joto la hita libaki kwake. Nikaona labda nimesahau. Nikaifunga. Siku ya pili iko wazi tena, na makabati ya nguo nayo wazi. Siku ya tatu nilikuta shuka la kitanda cha chumba cha mwisho limeinuliwa upande mmoja, lile linaloning'inia mpaka sakafuni, vile mama anavyoinua akimtafuta mtoto aliyejificha uvunguni.

Nikamuuliza kama ameamka kutembea. Mwenyewe asingeweza, kutoka kitini hadi chooni lazima ashike kigari chake na apumzike mara mbili.

"Nilidhani ni wewe umewahi," akasema. "Mchana, kabla hujaja. Anafungua mlango, anasimama kidogo, anakwenda wa pili. Nilikuita, hukujibu."

Weeh! Nilisoma Ayatul Kursi kuanzia jikoni hadi mlango wa mbele, na glavu mikononi, na kioo cha plastiki usoni kinaingia ukungu kwa pumzi zangu mwenyewe. Nikajiambia ni nyumba kuukuu, vitasa vimelegea, upepo wa Agosti unapita chini ya milango. Nikaweka viti kuizuia. Kesho yake viti vilikuwa vimesogezwa pembeni, kwa adabu, vimeegemezwa ukutani.

Wiki zile Bibi alibadilika. Hakutaka tena wasia mpya. "Nirudishie wa Bristol," anasema. Namsomea, naruka. Kesho tena. Mara ya tano au ya sita akaniinulia kidole.

"Hapo unavuta pumzi," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Ukurasa wa tatu. Kila siku pale pale. Kengele ya kanisa haivutiwi pumzi namna hiyo."

Nikamwambia ni barakoa inanibana. Toba! Uongo ulinitoka laini kabisa.

Siku ile ile, bado niko pale pale kwenye ukurasa wa tatu, nilisikia kitasa cha korido. Kikazunguka, kikaachiliwa. Cha pili. Cha tatu. Halafu hatua zikaja mpaka mlango wa sebule, nyuma yangu, zikasimama. Sikugeuka. Bibi akainua uso akanitazama mimi, sawasawa, uso kwa uso. Nimeshasema macho yake yalivyokuwa. Ili anione mimi alipaswa kugeuka kando. Akikuelekea wewe moja kwa moja, anayemuona ni aliye pembeni yako.

"Karibu," akasema taratibu. "Ingia ndani, kuna baridi."

Sikumbuki nilivyofika kwenye gari.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mama yangu Tanga, WhatsApp, kule bado asubuhi. Nikamwaga yote, milango, viti, mistari niliyoiruka. Nilitegemea anisomee dua na anisifu kwa kumsitiri maiti. Mama yangu naye si mtu wa kubembeleza.

"Nani kakwambia karatasi ni maiti?" akaniuliza. "Maiti unamfichia aibu yake. Hiyo uliyoiona si aibu yake, ni dhulma kamfanyia mwenziwe. Dhulma inasitiriwa?"

"Mama, mimi niliona…"

"Huyo mwanamke aliyenyang'anywa mwana, yeye nani kamsitiri? Hebu nisomee tena alivyosema mwisho."

Nikamsomea kwa moyo. Mama yake asiambiwe alikopelekwa.

"Umeona sasa," mama akasema. "Mfu katoa wasia, na wewe ndiye unautekeleza. Humo ndani ya nyumba hiyo anayejua mtoto alikopelekwa ni nani? Ni wewe. Na umeambiwa usiseme, umetii."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni. Nilikuwa nimeshawaza kila kitu, majini, wafu, korona imeniharibu kichwa, lakini hilo sikuliwaza. Yule mtu wa Bristol alikufa na watu wake wote, fundi wake, karani wake, wakili wake. Mtumishi aliyebaki naye duniani nilikuwa mimi. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona, nikaapa kesho nikifika tu, hata kabla ya supu, namsomea Bibi neno kwa neno.

Kesho haikuja. Alfajiri ujumbe uliingia kwenye simu: dada mmoja Mkongomani wa Guildford, mfanyakazi mwenzangu niliyempa lifti kutoka kwenye mafunzo, amekutwa na korona. Mimi nilikaa naye karibu. Siku kumi na nne ndani, nisitoke hata kutupa takataka. Ofisi wakampelekea Bibi mtu mwingine.

Ningeweza kumwambia kwa simu. Hapo ndipo ninapojilaumu kuliko popote. Nilijiambia neno zito kama hilo haliambiwi mtu kwa simu, unakwenda, unakaa, unamshika mkono. Kwetu ndivyo tunavyofanya, habari nzito inapelekwa kwa miguu. Nikasubiri siku zangu ziishe.

Siku ya tisa akanipigia mwenyewe. Sauti imekwisha.

"Mtu mpya hajui kusoma mwandiko," akasema. "Na yule mwingine haachi. Sasa anakaa kwangu, kwenye kiti chako. Hasemi kitu. Nadhani anasubiri usome."

"Nitakuja, Mama. Nitasoma."

"Ukurasa wa tatu. Kuanzia juu, pole pole, usiruke."

Alijua. Nilitaka kusema pale pale, maneno yalishafika kwenye meno. Nikasikia nyuma yake yule mhudumu mpya anamwambia ni saa ya dawa. Nikasema, "Zimebaki siku tano tu, inshallah," naye akasema, "Siku tano," kama anayejipimia, akakata.

Siku ya kumi na mbili ofisi walinipigia. Gari la wagonjwa lilimchukua Alhamisi, moyo, na Ijumaa asubuhi alifariki. Walisema pole, wakasema kuna huduma ya ushauri nikitaka kuongea na mtu. Kisha wakaniuliza kama nikitoka karantini nitaweza kwenda kuondoa chakula kwenye friji na kufunga nyumba, maana mpwa wake hawezi kuvuka mpaka.

Nilikwenda Jumatatu, saa sita mchana, jua la baridi limewaka vizuri. Nilifungua mlango wa mbele nikasimama. Milango yote ya korido iko wazi. Makabati, droo, mlango wa bafu, hata mlango wa oveni. Mashuka yameinuliwa vitanda vyote. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichovunjwa. Anayetafuta alikuwa bado anatafuta.

Niliogopa, sitasema uongo. Lakini nilichukua Biblia ya ukoo kutoka mezani, nikaenda kusimama katikati ya korido. Kompyuta sikuihitaji, mistari ile nilikuwa naijua kwa moyo. Niliisema kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kwa sauti ya kusikika vyumba vyote, bila kuvuta pumzi, mpaka pale kwenye mama yake asiambiwe.

Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, ndiyo lugha iliyonijia, na sijui alikuwa mtu wa lugha gani.

"Mwanao aliletwa huku, mama. Ni hapa hapa. Alifika mzima, ana miaka tisa. Akaja kuwa seremala."

Nikafungua kurasa za mbele, nikamsomea wote. Mke aliyemuoa. Watoto saba, wawili walikufa wadogo. Wajukuu. Aliyekufa vitani, aliyekwenda Queensland, pacha wawili wa kike. Nilikwenda jina baada ya jina, polepole, sikuruka hata mmoja, miguu inaniuma, mpaka nikafika chini ya ukurasa wa mwisho, kwenye jina la mwalimu mmoja aliyezaliwa Sydney.

"Na huyu ni wa mwisho," nikasema. "Alikuwa anakaa humu. Alikutafuta wewe miaka ishirini. Amekufa Ijumaa, na mimi nilijua, na sikumwambia."

Nikasubiri. Nyumba nzima ilikuwa kimya, friji tu inanguruma. Halafu nikasikia hatua, nyepesi, zinatoka chumba cha mwisho, zikanipita pale nilipo, karibu sana, zikaenda hadi sebuleni kwenye kiti cha Bibi. Pale zikasimama. Nikamsikia mwanamke analia.